Kubadilisha Faili za Programu Wakati Programu Yenyewe Inafanya Kazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanaosakinisha, wanaosasisha na wanaotunza programu, pamoja na watumiaji ambao wamewahi kuona programu iliyokuwa nzima ikianguka ghafla mara tu baada ya sasisho kuingia. Maswali ya mwanzo yanaeleza kinachotokea ndani ya kompyuta, na majibu yanayofuata hayaeleweki vizuri bila hayo. Kwa sababu hiyo tunawaomba wasomaji wenye haraka wasiyaruke.

Je, programu ikishafunguliwa, si huwa imekwisha kuingia yote kwenye RAM?

Hapana, na dhana hii ndiyo mzizi wa karibu matatizo yote yanayoelezwa hapa. Mtumiaji anapofungua programu, mfumo endeshi hausomi faili yote kutoka mwanzo hadi mwisho na kuiweka kwenye RAM. Unachofanya ni kuandika kwenye majedwali yake kwamba eneo fulani la anwani za programu linalingana na sehemu fulani ya faili iliyoko kwenye diski, kisha unasubiri. Programu inapogusa kwa mara ya kwanza anwani ambayo haijapakiwa, ndipo mfumo unapoenda kwenye diski na kuleta kipande kinachohitajika, ambacho kwenye kompyuta nyingi huwa na ukubwa wa baiti 4096. Kipande kisichoguswa hakiletwi kamwe. Hata kilicholetwa kinaweza kutupwa pale RAM inapobana, kwa kuwa mfumo unaamini kwamba nakala yake ipo kwenye diski na itapatikana tena wakati wowote.

Kwa hiyo programu iliyofunguliwa tangu asubuhi inaweza kurudi kwenye faili yake jioni, pale mtumiaji anapobonyeza kitufe ambacho hakuwa amekigusa siku nzima. Zaidi ya msimbo wenyewe, kuna maktaba (mafungu ya msimbo ambayo programu nyingi zinaweza kuyatumia kwa pamoja) zinazopakiwa pale tu zinapohitajika, viongezi, picha, tafsiri za menyu na faili za mipangilio. Vyote hivi husomwa kwa nyakati tofauti, na kila mara programu inachukulia kwamba itakachokikuta ni cha toleo lile lile ililoanza nalo.

Kuna tofauti gani kati ya kuandika juu ya faili na kuweka faili mpya mahali pa ile ya zamani?

Kwa macho ya mtumiaji hakuna tofauti, kwa sababu mwishoni jina ni lile lile na yaliyomo ni mapya. Kwa mfumo endeshi, hasa Linux na mifumo mingine ya jamii ya Unix, hayo ni matendo mawili ambayo matokeo yake yako mbali kama usingizi na kifo.

Kwenye mifumo hiyo jina la faili si faili yenyewe. Jina ni maandishi ndani ya folda yanayoelekeza kwenye kitu kinachoitwa inodi, na inodi ndiyo inayojua data iko wapi kwenye diski. Programu ikishafungua faili, hushikilia inodi na kuachana na jina. Ukitengeneza faili mpya pembeni kisha ukaipa jina la ile ya zamani kwa amri ya `mv`, jina litaanza kuelekeza kwenye inodi mpya, lakini programu inayoendelea itabaki imeshikilia inodi ya zamani. Data ya zamani haifutwi hadi mtu wa mwisho aliyeishikilia aiachie. Programu huendelea bila kujua kilichotokea.

Ukitumia `cp` kunakili toleo jipya juu ya faili iliyopo, hali ni nyingine kabisa. Inodi inabaki ile ile, faili inakatwa hadi urefu wa sifuri, halafu baiti mpya zinaandikwa humo humo. Programu iliyokuwa ikitegemea vipande vya faili hiyo sasa itavikuta havipo, na mfumo utaiua kwa ishara ya SIGBUS; au itakuta baiti za toleo jipya mahali ilipotarajia za zamani, iruke kwenye anwani ambayo zamani ilikuwa mwanzo wa kazi fulani (kipande cha msimbo chenye jina, yaani function) na sasa ni katikati ya kazi nyingine, na mara nyingi iishie kwa SIGSEGV, ishara ya kugusa kumbukumbu isivyoruhusiwa. Ikiwa maktaba hiyo inatumiwa na programu thelathini, zote thelathini zinaweza kuanguka ndani ya sekunde chache. Msimamizi atadhani kompyuta imeharibika, ilhali kosa ni amri moja fupi.

Ndiyo maana zana za kusakinisha vifurushi, pamoja na amri ya `install`, hazinakili juu ya faili iliyopo. Hutengeneza faili mpya kwanza au huondoa jina la zamani kabla ya kuandika. Anayesakinisha kwa mkono ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa `cp` ndiyo amri inayomjia akilini kwanza.

Mbona nilipojaribu kunakili juu ya programu inayoendelea mfumo ulinikatalia, lakini nilipofanya hivyo kwa maktaba ulikubali?

Kwa kawaida Linux hukataa kufungua kwa ajili ya kuandika faili kuu ya programu inayoendeshwa wakati huo, na hutoa kosa la ETXTBSY. Ulinzi huo haufiki kwenye maktaba za pamoja, ingawa nazo ni msimbo unaoendeshwa vile vile. Wala hauhusu skripti, kwa kuwa machoni pa mfumo programu inayoendeshwa ni kifasiri, yaani ile inayosoma amri za skripti na kuzitekeleza, na skripti ni data tu. Usichukulie ukimya wa mfumo kuwa ni idhini.

Kwenye Windows ninaambiwa faili inatumika na haiwezi kubadilishwa. Je, hiyo si salama zaidi?

Ni salama zaidi kwa upande mmoja. Windows hairuhusu kuandika juu ya faili ya programu au maktaba iliyopakiwa, wala kuifuta, kwa hiyo ajali ya `cp` iliyoelezwa hapo juu haitokei kwa urahisi. Gharama yake ni kwamba sasisho linaweza kukwama katikati: faili saba zimebadilishwa, ya nane imekataa, na folda sasa ina matoleo mawili yaliyochanganyika. Mtu akifungua programu wakati huo, atafungua kitu ambacho hakuna aliyewahi kukijaribu.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba Windows inaruhusu kuibadilisha jina faili ya programu inayoendeshwa, ilimradi ibaki kwenye diski ile ile. Programu nyingi zinazojisasisha zenyewe hutumia mwanya huo: huipa faili ya zamani jina jingine, huweka mpya mahali pake, na kufuta ya zamani baadaye. Njia nyingine ni kuuomba mfumo ubadilishe faili kompyuta itakapowashwa tena. Maombi hayo hutunzwa kwenye rejista chini ya jina la PendingFileRenameOperations, nayo ni sababu mojawapo ya kuombwa kuwasha upya mara kwa mara. Tangu Windows Vista kuna pia huduma iitwayo Restart Manager, ambayo huitambua programu inayoshikilia faili, huiomba ijifunge kwa utaratibu, kisha huifungua tena. Anayeandika programu ya kusakinisha na asiitumie anawanyima watumiaji wake msaada uliokwisha kuwepo.

Kama inodi ya zamani inabaki, basi kwenye Linux kusasisha programu inayoendelea hakuna madhara?

Laiti ingekuwa hivyo. Inodi inamlinda yule tu aliyekwisha kufungua faili. Programu itakapofungua faili nyingine kwa jina, itapata toleo jipya, na hapo ndipo zama mbili hukutana ndani ya mchakato mmoja, yaani programu moja ikiwa kazini.

Vivinjari ni mfano ulio wazi. Kivinjari cha leo huendesha kurasa katika michakato mingi, na mchakato mpya huanzishwa kila inapohitajika. Kifurushi kikisasishwa chini kwa chini, mchakato mkuu utabaki wa toleo la zamani na mtoto wake atazaliwa akiwa wa toleo jipya, na wawili hao hawaelewani kwa lugha ya ndani ambayo hubadilika kati ya toleo na toleo. Firefox inapogundua hali hiyo hukataa kufungua kurasa mpya na humwomba mtumiaji aiwashe upya. Watu hulalamikia jambo hilo, lakini kwa maoni yetu ndio uamuzi sahihi kuliko kuendelea kwa kubahatisha. Chromium kwenye Linux ilichukua njia nyingine: mwanzoni kabisa huanzisha mchakato uitwao zygote, na michakato mingine huzaliwa kwa kuigawanya hiyo iliyokwisha kupakiwa, hivyo watoto wote ni wa toleo moja na mama yao hata kama faili kwenye diski zimebadilika.

Programu zisizo na uangalifu huo huonyesha dalili zinazomchanganya mtu. Menyu inaonyesha maandishi yasiyohusiana na kitufe, kiongezi kinakataa kupakiwa kwa madai ya kukosa kazi fulani, dirisha la mipangilio halifunguki ilhali mengine yote yanafanya kazi, au hitilafu inatokea mara moja tu na haiwezi kurudiwa baada ya kuwasha upya. Dalili hii ya mwisho imewapotezea wasanidi saa nyingi mno. Sisi wenyewe tumewahi kuichunguza ripoti ya hitilafu kwa siku mbili kabla ya kumwuliza aliyeituma kama alikuwa amesasisha mfumo muda mfupi kabla, na jibu lake likafunga suala zima.

Nilihariri skripti ya bash ikiwa inaendelea, ikafanya mambo ambayo sikuyaandika. Inawezekanaje?

Bash haisomi skripti yote kwanza. Husoma amri, huitekeleza, kisha hurudi kwenye faili pale ilipoishia, ikikumbuka mahali kwa hesabu ya baiti. Ukiongeza herufi ishirini kwenye mstari wa juu na kihariri chako kikaandika ndani ya inodi ile ile, bash itakaporudi itaanza kusoma baiti ishirini nyuma ya pale palipokusudiwa. Inaweza kurudia kipande cha amri iliyokwisha kutekelezwa, au kuanza katikati ya neno na kulichukulia kuwa amri. Skripti yenye `rm` ndani yake inaweza kuleta maafa kwa njia hii.

Kinga yake ni rahisi: funga kazi yote ndani ya kazi moja inayoitwa, tuseme, `main`, kisha uiite kwenye mstari wa mwisho ukifuatisha `exit` kwenye mstari huo huo. Bash italazimika kuisoma yote kabla ya kuanza kuitekeleza. Baadhi ya vihariri huandika faili mpya na kuipa jina la zamani, hivyo havileti tatizo hili, lakini tabia hiyo hutegemea mipangilio ya kihariri na si jambo la kutumainiwa.

Je, lugha kama Python, Java na PHP zina tatizo hilo hilo?

Zinalo, kila moja kwa namna yake.

Python hupakia moduli nzima inapoiagiza kwa `import`, kwa hiyo moduli iliyokwisha kupakiwa haibadiliki. Lakini agizo lililo ndani ya kazi ambayo haijaitwa litasoma faili itakayokuwepo siku hiyo. Kuna mtego mwingine: kosa linapotokea, Python huifungua faili ya msimbo ili ikuonyeshe mstari wenye kosa. Kama faili imebadilishwa, namba ya mstari itakuwa ya toleo la zamani na maandishi yatakuwa ya toleo jipya. Ukiona taarifa ya kosa inayoelekeza kwenye mstari mtupu au kwenye maelezo tu, usiishuku Python; angalia kwanza tarehe ya faili.

Java hupakia darasa, yaani kipande cha msimbo, pale linapohitajika kwa mara ya kwanza kutoka kwenye faili ya JAR inayofungasha madarasa pamoja, na huwa imekwisha kukariri orodha ya yaliyomo na mahali kila kitu kilipo. Faili ikiandikwa upya, orodha iliyokaririwa inakuwa ya uongo, na matokeo yake ni NoClassDefFoundError kwa darasa ambalo ukilitafuta kwa macho utaliona lipo. Katika matoleo ya kabla ya Java 9, iliyotoka mwaka 2017, mashine yote ya Java iliweza kuanguka kwa SIGBUS, kwa kuwa usomaji wa faili hizo ulifanywa na msimbo asilia ulioegemea ramani ya faili kwenye kumbukumbu.

PHP huonekana kuwa salama kwa kuwa kila ombi huanza upya, na ndiyo maana wengi hupandisha kwenye seva faili mpya moja baada ya nyingine huku wageni wakiendelea kuingia. Ombi linalofika katikati ya upandishaji huo hupata nusu ya msimbo mpya na nusu ya zamani. Isitoshe, OPcache, akiba ya PHP ya msimbo uliokwisha kutayarishwa, kwa mipangilio yake ya kawaida huangalia mabadiliko ya faili kila baada ya sekunde 2, na akiba ya njia halisi za faili hudumu sekunde 120, kwa hiyo mchanganyiko unaweza kuendelea hata baada ya faili ya mwisho kupanda.

Nimesasisha maktaba iliyokuwa na dosari ya usalama. Je, sasa niko salama?

Bado, hadi kila programu inayoitumia iwashwe upya. Hili ndilo swali tunalotamani liulizwe zaidi kuliko yote, kwa sababu hapa hakuna kinachoanguka wala ujumbe wowote wa kosa. Kila kitu kinaonekana shwari huku dosari ikiwa bado iko hai ndani ya RAM. Dosari ya Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano kwa siri, ilipotangazwa tarehe 7 Aprili 2014, kusakinisha toleo la 1.0.1g hakukutosha. Huduma iliyokuwa ikiendelea tangu kabla ya hapo ilibaki imeshikilia inodi ya maktaba ya zamani, na iliendelea kuvuja ilhali orodha ya vifurushi ilionyesha toleo lililorekebishwa.

Kuchunguza si kazi ngumu. Faili ya `/proc/PID/maps` ya kila mchakato huonyesha maktaba ulizozipakia, na ile ambayo jina lake limekwisha kuondolewa huwekewa alama ya `(deleted)`. Kwenye Debian na Ubuntu kuna zana ya `needrestart`, kwenye Fedora na jamaa zake kuna `needs-restarting`, na kwenye openSUSE kuna `zypper ps`. Zote hukupa orodha ya huduma zinazohitaji kuwashwa upya. Ziendeshe kila baada ya sasisho, na uchukulie kwamba kazi haijaisha hadi orodha iwe tupu.

Baada ya kusasisha kerneli, kifaa cha USB nilichochomeka hakikutambuliwa. Kwa nini?

Kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inayoendelea ni ya zamani, na moduli zake, yaani vipande vinavyopakiwa ili kuendesha vifaa, huenda zimeondolewa pamoja na kifurushi chake. Usambazaji mwingine wa Linux huziacha moduli za matoleo ya awali, mwingine, kama Arch Linux, huzifuta. Linganisha jibu la `uname -r` na majina ya folda zilizo ndani ya `/lib/modules`. Kama hakuna linalolingana, washa kompyuta upya.

Nimefuta toleo la zamani lakini nafasi kwenye diski haikuongezeka.

Kuna mchakato ambao bado umeshikilia inodi. Amri ya `lsof +L1` itakuonyesha ni upi, na nafasi itarudi ukishaufunga.

Kwenye macOS programu inauawa mara tu ninapoifungua baada ya kuibadilisha, ingawa sahihi yake ni halali.

Kerneli ya macOS hukumbuka taarifa za sahihi ya kidijitali pamoja na faili yenyewe. Ukiandika baiti mpya ndani ya faili ile ile, kumbukumbu hiyo haiendani tena na yaliyomo, na programu huuawa. Tengeneza faili mpya kisha ulihamishe jina.

Je, tahadhari hizi zinahusu hifadhidata pia?

Zinahusu, na madhara yake ni makubwa zaidi, kwa kuwa programu iliyoharibika husakinishwa tena lakini data iliyopotea hairudi. Faili ya SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, ikibadilishwa jina au kuwekewa nyingine mahali pake wakati imefunguliwa, programu itaendelea kuandika kwenye faili isiyo na jina, na faili ya jarida, inayotunza mabadiliko ambayo hayajakamilika na kutafutwa kwa jina, inaweza kuunganishwa na hifadhidata isiyo yake. Usirejeshe kamwe nakala ya akiba ya hifadhidata kabla ya kufunga kila programu inayoitumia.

Basi ni ipi njia sahihi ya kubadilisha faili?

Simamisha programu, badilisha faili, anzisha programu. Tunajua kwamba jibu hili halipendezi, lakini katika hali nyingi usumbufu wa sekunde chache unaopangwa ni nafuu kuliko usumbufu usiojulikana utakuja lini. Mfumo wa Android hufanya hivyo hivyo: programu inaposasishwa, mchakato wake huuawa kwanza. Fedora nayo, tangu toleo la 18, ina utaratibu wa kusakinisha masasisho wakati wa kuwasha kompyuta, kabla ya programu za mtumiaji kufunguliwa.

Pale ambapo huduma haiwezi kusimama, weka kila toleo kwenye folda yake yenye namba ya toleo, usiguse folda ya zamani, na utumie kiungo kimoja kinachoelekeza kwenye folda iliyo hai. Tengeneza kiungo kipya kwa jina la muda kisha ukihamishie kwenye jina halisi kwa `mv -T`, ili pasiwepo hata sekunde moja ambapo kiungo hakipo. Faili za muda na faili za mwisho ni lazima ziwe kwenye mfumo mmoja wa faili. Amri ya `mv` ikivuka kutoka diski moja hadi nyingine hugeuka kuwa kunakili na kufuta, na msomaji anaweza kukuta faili iliyoandikwa nusu. Folda ya `/tmp` mara nyingi iko kwenye mfumo tofauti wa faili, na hapo wengi huteleza.

Nginx, programu ya seva ya wavuti, huonyesha jinsi huduma inavyoweza kupokezana bila kukatika: ikipokea ishara ya USR2, mchakato mkuu wa zamani huanzisha ule mpya na kumrithisha milango iliyo wazi, wote wawili huhudumu kwa muda, kisha wa zamani ukiamriwa humaliza wateja wake na kuondoka. Kwa mifumo mizima, ChromeOS hutumia sehemu mbili za diski, na Android inaunga mkono mpango huo tangu toleo la 7.0: sasisho huandikwa kwenye sehemu isiyotumika, na kubadilishana hutokea wakati wa kuwasha.

Je, inawezekana kubadilisha msimbo ndani ya programu inayoendelea bila kuisimamisha kabisa?

Inawezekana, pale ambapo waliobuni mfumo walilipanga jambo hilo tangu mwanzo. Lugha ya Erlang huruhusu matoleo mawili ya moduli kuishi pamoja, la sasa na la zamani, na likipakiwa la tatu, michakato iliyobaki kwenye lile la zamani huuawa. Kerneli ya Linux ina uwezo wa kubandikwa viraka ikiwa hai tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015, lakini viraka hivyo huandaliwa kwa uangalifu mkubwa na hutumika hasa kwa marekebisho madogo ya usalama.

Nimekwisha kubadilisha faili na programu bado imefunguka. Nifanye nini sasa?

Hifadhi kazi yako mara moja, na kama programu inaruhusu, ihifadhi kwa jina jipya ili nakala ya awali ibaki ilivyo. Usifungue madirisha mapya wala vipengele ambavyo hukuwa umevitumia, kwa kuwa hapo ndipo faili mpya zitakaposomwa. Usijaribu kuzirudisha faili za zamani kwa kunakili juu ya mpya; utakuwa unarudia kosa lile lile kwa upande wa pili. Funga programu yote, hakikisha hakuna mchakato wake uliobaki, kisha uifungue. Kama kuna hitilafu uliyokuwa ukikusudia kuiripoti, ijaribu tena baada ya hapo, na katika ripoti yako utaje kama ilitokea kabla au baada ya kuwasha upya.